Chenso kongwe ya mtumba: nunua breki, usinunue sifa



Mvua zikikatika na barabara za kwenye miti zikianza kupitika, swali linaloingia sana kwenye simu yangu huwa si la mbolea wala dawa ya wadudu. Ni hili: "Afisa, kuna jamaa anauza chenso ya zamani laki nne, mashine original ya Mjerumani, niichukue?" Wanaouliza ni watu wenye ekari tano, kumi, ishirini za paina au milingoti. Wengine wana parachichi na kipande cha miti pembeni, wanataka kuni, nguzo za uzio, na mbao za banda. Ni watu wanaopiga hesabu, si watu wa kubahatisha, ndiyo maana swali lao linastahili jibu refu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Chenso ya mtumba iliyotoka kiwanda cha kueleweka, ukaifufua kwa utaratibu, itakulipa kuliko mpya ya kuiga inayouzwa bei hiyo hiyo. Lakini si kila kongwe inafaa. Na ile kongwe inayosifiwa kuliko zote huku vijijini ndiyo ninayokuambia usiinunue. Nitaeleza kwa nini.

Kongwe ziko za aina mbili, usizichanganye

Mwaka 1959 ni mwaka muhimu kwenye historia ya mashine hizi. Mwaka huo kampuni ya Stihl ya Ujerumani ilitoa mashine iitwayo Contra, iliyozungusha cheni moja kwa moja bila gia katikati, ikawa nyepesi na yenye nguvu kuliko zilizotangulia. Mwaka huo huo Husqvarna ya Sweden nayo ilitoa chenso yake ya kwanza. Kutoka kwenye ukoo wa Contra ndipo ikaja 070, dude lenye injini ya sentimeta za ujazo 106, uzito zaidi ya kilo 10 kabla hujaifunga cheni. Hii iliendelea kutengenezwa miaka mingi kwa ajili ya masoko ya Afrika, Asia na Amerika Kusini. Ukisikia mzee anasema "chenso ile ya kweli", mara nyingi anaisema hiyo.

Aina ya pili ni mashine za wataalamu za miaka ya 1980 na 1990. Upande wa Stihl kuna kama 026, 038 na 044. Upande wa Husqvarna kuna kama 61, 268 na 272. Hizi nazo sasa ni kongwe, kuna zenye umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Tofauti kubwa na ile ya kwanza ni vitu viwili: zina breki ya cheni, na zina mpira au springi za kuzuia mtetemo zinazotenganisha injini na mikono yako.

Ushauri wangu wote wa leo unahusu aina hii ya pili. Aina ya kwanza naiweka pembeni kwa sababu zifuatazo.

Ncha ya bapa linalobeba cheni, ile robo ya juu, ikigusa kitu kigumu wakati cheni inakimbia, mashine inaruka juu na kurudi usoni kwako. Inatokea haraka kuliko unavyoweza kufikiri, usijidanganye kwamba una mikono ya nguvu. Breki ya cheni ipo kwa ajili ya sekunde hiyo moja. Mashine inaporuka, kiwiko cha mkono wa kushoto kinasukuma ile ngao ya mbele na cheni inasimama. 070 ya zamani haina ngao hiyo. Ikiruka, hakuna cha kuizuia isipokuwa bahati.

Kuna wenzangu wananijibu, "Mbona baba yangu ameitumia miaka thelathini na yuko hai?" Ni kweli, na mimi namheshimu mzee. Ila nakuomba ufanye jambo moja: muulize vidole vyake vikoje asubuhi ya baridi. Mtetemo wa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Vidole vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi, kufunga kifungo cha shati inakuwa kazi. Wa Njombe, Makete na Mufindi kwa baridi yetu hii mnanielewa. Na muulize pia kama anasikia vizuri, maana chenso inapiga kelele ya zaidi ya desibeli 100, na masikio huanza kuumia kwa kukaa muda mrefu kwenye 85.

Kwa hiyo sisemi 070 ni mashine mbovu. Ni mashine imara ajabu. Ninachosema ni kwamba uimara wa mashine na usalama wa anayeishika ni mambo mawili tofauti, na kijana wa miaka 27 mwenye familia changa na mkopo wa kikundi hana sababu ya kununua sifa ya chuma akaacha breki dukani.

Kuna jambo jingine. Nyingi zinazouzwa leo zikiwa zimeandikwa 070 ni za kuiga. Rangi ni hiyo, umbo ni hilo, ndani si yenyewe. Unaweza ukalipa bei ya historia ukapewa chuma cha jana.

Kwanza jiulize: unaihitaji kweli?

Kabla ya kuzungumza spea, tuzungumze hesabu. Vijana wengi wananunua mashine kwa sababu wamechoka kumsubiri fundi wa kukodi. Kuchoka si hesabu.

Nakupa mfano, namba weka za kwenu. Tuseme mashine ni 450,000, spea za kuifufua 180,000, fundi 60,000, na vifaa vya kinga 250,000. Jumla 940,000. Tuseme itakufaa miaka minne kabla haijataka matengenezo makubwa tena. Hiyo ni 235,000 kwa mwaka. Sasa tuseme kukodi mtu na mashine yake ni 50,000 kwa siku, na ukitumia ya kwako, ukihesabu petroli, oili, cheni na posho ya mkataji, ni 25,000 kwa siku. Unaokoa 25,000 kila siku ya kazi. Gawanya 235,000 kwa 25,000, unapata siku tisa na kitu.

Maana yake kwa namba hizo, kama huna siku kumi za kukata kwa mwaka, kodi tu. Hela yako iweke kwenye miche bora au kwenye palizi. Kama una siku ishirini au thelathini, yaani unapunguza miti, unapogolea, unakata nguzo na majirani wanakuhitaji, mashine ya kwako ina maana.

Na kama lengo lako kuu ni kupasua mbao, nasema wazi: chenso si mashine ya kupasulia mbao. Cheni inakula karibu sentimeta moja kila mkato. Pasua gogo mara kumi, umegeuza karibu sentimeta kumi za mti wako kuwa unga. Umekuza mti miaka kumi na tano halafu unauacha chini ukiwa unga! Angusha na kata magogo kwa chenso, kisha peleka kwenye msumeno wa mkanda. Hapo hata upotevu ukiwepo, ni mdogo.

Siku ya kwenda kuiangalia

Usiende peke yako na usiende jioni. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mashine iliyopashwa moto inaficha ugonjwa. Gusa ekzosti, ikiwa ya moto ujue ameshaianza kazi ya kukulaghai.

Fuata hatua hizi:

1. Iinue kwa mpini wa kamba ya kuwashia, swichi ikiwa imezimwa. Kama ina kitufe cha kupunguza kompresheni, hakikisha hakijabonyezwa. Mashine yenye afya inashuka taratibu, inakwama, inashuka tena. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo ya maji kisimani, ringi au silinda imechoka. Kama fundi wako ana geji, kwa mashine za ukubwa huu tunapenda kuona psi 130 hadi 160. Chini ya 110, anza kurudi nyumbani au anza kushusha bei sana.

2. Fungua ekzosti. Ni bolti mbili tatu tu. Muuzaji akikataa usifungue, umeshapata jibu lako. Chungulia pistoni kupitia tundu hilo. Ukiona upande umeng'aa, na vile vistari vya kiwandani vinaonekana, ni nzuri. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima, mashine imewahi kukwama kwa kukosa oili au kwa kunyonya hewa.

3. Tikisa gurudumu la sumaku upande wa kamba, na klachi upande wa cheni. Juu chini, siyo kuzungusha. Ikicheza, beringi za shafti kuu zimekwisha, na hiyo ni kazi ya kufungua injini yote.

4. Kagua bodi kwa nyufa, hasa pale mpini unaposhikana na injini na pale bapa linapofungwa. Bodi za mashine hizi nyingi ni za magnesiamu. Usikubali kauli ya "fundi wa kuchomelea atamaliza". Magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji, na mchomeleaji wa mageti haiwezi. Bodi yenye ufa mkubwa iache.

5. Jaribu breki. Injini ikiwa imezimwa, sukuma ngao mbele mpaka ilie, vaa glavu, vuta cheni. Isisogee hata kidogo. Baadaye ikiwashwa, ikiwa imewekwa chini, ipe mafuta halafu sukuma ngao. Cheni isimame hapo hapo.

6. Iwashe ikiwa baridi. Ikinguruma bila kupewa mafuta, cheni isizunguke. Ikiwa sauti inapanda yenyewe na kushuka yenyewe, mara nyingi inanyonya hewa mahali, na oili sili za shafti ndiyo mshukiwa wa kwanza.

7. Angalia namba iliyogongwa kwenye bodi. Ikiwa imesagwa au kupigwa patasi, ondoka. Hakuna sababu njema ya mtu kufuta namba ya mashine.

Kabla ya kutoa hela, piga simu kwenye maduka mawili ya spea mjini. Uliza pistoni na silinda, kiti cha kabureta, oili sili na ngoma ya klachi ya modeli hiyo. Ukiambiwa "hiyo hatuna, labda uagize", tafuta mashine nyingine. Mashine bila spea ni pambo la sebuleni.

Kanuni yangu ya bei ni hii: jumlisha bei ya mashine, spea na fundi. Ikizidi theluthi mbili ya bei ya mpya halisi kwa wakala, jikaze ununue mpya. Utapata na waranti.

Kuifufua kwa mpangilio

Tatizo la mafundi wetu wengi, na hapa sitaji mtu, ni kukimbilia kabureta. Mashine ikikataa kuwaka, bisibisi inatoka mfukoni, skrubu zinazungushwa, siku inaisha. Fuata mpangilio.

Anza na usafi. Toa unga wote wa miti na grisi iliyokauka, hasa kwenye mapezi ya silinda. Injini hii inapoozwa na upepo, mapezi yakiziba unapika pistoni. Safisha chujio la hewa kwa maji ya sabuni, likichanika badilisha.

Halafu njia ya mafuta. Mpira wa mafuta ndani ya tanki ukishakuwa mgumu au una nyufa, badilisha bila kujadiliana. Chujio dogo la ndani ya tanki nalo. Ni vitu vya bei ndogo ambavyo vinaua injini za bei kubwa, kwa sababu mpira wenye tundu unanyonya hewa, mchanganyiko unakuwa na mafuta kidogo, na mafuta hayo ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha pistoni.

Kisha moto. Plagi mpya, nafasi yake milimita 0.5. Kama mashine ni ya zamani kiasi cha kuwa na platini, zisafishe na uziweke kati ya milimita 0.3 na 0.4. Za umeme wa kisasa hazina platini, koili ikifa unabadilisha koili.

Ndipo uje kwenye kabureta. Ndani kuna viwambo vyembamba vya mpira. Vikikaa miaka vinakakamaa, na kabureta haipumui tena. Kiti ya viwambo inabadilishwa yote, siyo kimoja. Ukishafunga, zungusha skrubu za H na L taratibu mpaka zikae, usikaze, halafu fungua mzunguko mmoja kila moja. Hapo ndipo pa kuanzia kwa mashine nyingi, kitabu cha modeli yako kikisema tofauti fuata kitabu. Na sikiliza hili kwa makini: ukiikaza H mashine inapiga kelele nzuri, kali, inaonekana ina nguvu. Hiyo ni sauti ya injini inayokufa. Ikiwa mafuta mpaka mwisho bila kukata kitu, sauti sahihi ni nzito kidogo, kama inagugumia. Ikiingia kwenye gogo ndipo inasafika.

Oili sili nazo nashauri zibadilishwe kwenye mashine yoyote iliyozidi miaka ishirini, hata kama hazijaonyesha shida. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo.

Onyo la mwisho kwenye injini: usipeleke silinda kwa fundi wa bodaboda akaichonge. Silinda nyingi za chenso za wataalamu zina koti jembamba gumu juu ya alumini. Ukichonga unaliondoa koti, na pistoni mpya itakwama ndani ya muda mfupi. Silinda iliyoharibika inabadilishwa pamoja na pistoni yake.

Mafuta, cheni na tupa

Mchanganyiko: kwa oili nzuri ya tustroki ya mashine zinazopoozwa na hewa, 50 kwa 1. Hiyo ni mililita 100 kwa lita tano za petroli. Kwa oili ya kawaida ya tustroki na mashine za zamani, nenda 25 kwa 1, mililita 200 kwa lita tano. Pima kwa kipimo. Habari ya "mimina kifuniko viwili" iishie hapo hapo. Na usichanganye mafuta ya kukaa miezi, changanya ya wiki chache tu.

Oili chafu ya gari kwenye cheni: najua wengi wenu ndiyo mnayotumia kwa sababu ni ya bure. Ina vumbi la chuma linalosaga pampu na bapa, na inakurukia kwenye ngozi na nguo siku nzima. Kama uko kwenye parachichi za kuuza nje, ndiyo kabisa usiilete shambani. Nunua oili ya cheni, au angalau oili safi.

Cheni. Kabla hujanunua jua hatua yake. Pima kutoka ribiti moja hadi ya tatu, gawanya kwa mbili. Hatua zinazopatikana sana ni .325, 3/8 na .404. Cheni, sproketi na ncha ya bapa lazima viwe vya hatua moja. Ukifunga cheni mpya kwenye sproketi iliyoliwa, umeinunulia kifo. Desturi nzuri ni sproketi moja kwa kila cheni mbili.

Tupa za duara: .325 inataka milimita 4.8, 3/8 inataka 5.2, .404 inataka 5.5. Piga kila jino idadi ile ile ya mikono, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Vile vijino vifupi vya mbele vinavyopima kina, vishushe kwa geji, kwa cheni nyingi milimita 0.65. Ukivishusha kwa macho, mashine itakuwa inaruka.

Meno haya yana historia tamu. Mmarekani Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, mwaka 1946 alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna gogo kwenda kushoto na kulia, akaiga taya zake, na mwaka uliofuata akaanza kuuza cheni ya muundo huo. Mpaka leo tunatumia kizazi cha wazo lile. Kwa hiyo kumbuka funza: cheni yenye makali inatoa vipande. Ikianza kutoa unga, imekuwa butu. Usiisukume, simama upige tupa. Anayesukuma cheni butu anachoka, na anayechoka ndiye anayeumia.

Makaratasi nayo ni spea

Chenso si panga. Mashine nyingi zinazozunguka mitaani zina historia ya msituni, na nyingine zimeibwa. Ukinunua, andikiana mkataba wenye namba ya mashine, majina, saini na mashahidi, mkapitie kwa mtendaji wa kijiji au kata. Elfu kadhaa za karatasi zinaweza kukuokoa na kesi.

Halafu pita ofisi ya TFS au kwa afisa misitu wa wilaya kabla mashine haijaanza kazi, ulizia masharti ya kumiliki na kutumia chenso eneo lenu. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ipo na inafanya kazi. Hata mti ulioupanda mwenyewe, ukitaka kusafirisha mazao yake kwenda sokoni, ulizia hati ya kusafirishia mazao ya misitu mapema, siyo ukiwa umesimamishwa kwenye kizuizi usiku na lori la kukodi linakuhesabia saa.

Vifaa vya kinga ni sehemu ya bei

Mtu akiniambia ana laki nne na nusu ya mashine na hana kitu cha kinga, namwambia hana hela ya mashine bado. Namaanisha hivyo. Helmeti yenye wavu wa uso na vizuia sauti, suruali au aproni ya nyuzi za kuzuia cheni, buti zenye chuma mbele, glavu. Nyuzi za ile suruali zinavutwa na cheni, zinaifunga sproketi, mashine inazima kabla haijafika kwenye paja. Jinsi haina uwezo huo, hata ikiwa ya mtumba wa Ulaya.

Na mafunzo. Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi kinafundisha kazi hizi, na Mafinga kuna kituo chake cha mafunzo. Mkiwa kikundi cha watu kumi, ni rahisi kuomba kozi fupi kuliko mtu mmoja mmoja. Usimpe kijana wa kibarua mashine kwa sababu tu ana nguvu. Mti unapoangushwa, kila asiyehusika akae umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti huo. Watoto wanaokuja kuokota kuni ndio wa kwanza kuondolewa.

Neno langu kwa wanaonipinga

Wapo wanaosema namshauri kijana anunue vyuma vya zamani wakati dunia inaenda mbele. Jibu langu: ukiwa na hela ya mpya halisi, nunua mpya halisi, sina ubishi. Mimi nazungumza na mwenye laki sita mkononi. Kwa laki sita dukani anapewa mashine ya kuiga ambayo msimu wa pili haina spea na haina mtu wa kuisimamia. Kwa laki sita hizo hizo anaweza kupata mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya wakata miti wa kazi, inayofunguka kwa bisibisi na spana, na ambayo kila kiungo chake kina namba na kinapatikana. Tena akiifufua mwenyewe na fundi pembeni, anaijua ndani nje. Siku ikizima katikati ya shamba, hatasubiri mtu kutoka mjini.

Wapo pia wanaosema mimi mwoga, naogopa 070. Kwenye hili naomba niitwe mwoga. Miti ya paina unaweza kupanda mingine. Mguu hauoti.

Kwa hiyo ukipigiwa simu na muuzaji wiki hii, kabla ya bei muulize maswali matatu tu: breki ya cheni ipo na inashika? Namba ya mashine inasomeka? Naweza kufungua ekzosti nichungulie pistoni? Akijibu ndiyo yote matatu, panda boda ukaangalie. Akisita hata kwenye moja, mshukuru, kata simu, endelea na palizi.